Nilisema ni Bawasiri

Kwa miezi mitano nilijiambia ni bawasiri. Mtu akikalia kiti cha cherehani asubuhi hadi jioni kwa miaka ishirini na sita, damu kidogo chooni ni ajabu gani? Ndivyo nilivyojidanganya. Nikaenda duka la dawa la mtaa wa mbali, nisikojulikana, nikanunua dawa ya kupaka, nikaificha ndani ya kopo la vifungo. Mume wangu sikumwambia. Ningemwanzaje? Kuna maneno ambayo hata ndani ya ndoa mtu anayameza, na ya choo yanaongoza.

Mimi nashona sare za shule. Mume wangu anatengeneza majokofu. Chumba changu cha kazi na chake vinatenganishwa na ukuta mmoja, na kwa kuwa wateja wanatuita fundi sote wawili, nasi tukazoea kuitana hivyo hivyo. "Fundi, chai imeiva." "Nakuja, fundi." Watoto wameoa na kuolewa, kila mmoja na kwake. Tumebaki sisi wawili na kelele za mashine.

Na wifi yangu. Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, mjane, na maisha yake yote ya kazi aliyamalizia stendi ya mabasi, akitangaza mabasi yanayoondoka na mizigo iliyopotea. Alipostaafu alirudisha funguo na kitambulisho, sauti akaondoka nayo. Mtaa mzima unamwita Kipaza. Kila siku saa nne anafika, anavuta kigoda karibu na meza yangu ya kukatia, na habari za mtaa zinasomwa tangu kichwa hadi mkia. Kusema kweli, hatukuwa tunapendana. Siku nilipoletwa ukweni alisema mdogo wake ameoa kijiti cha kiberiti, nami nikaliweka neno hilo moyoni miaka yote. Tuliheshimiana kwa mbali, kama majirani wenye mbwa wakali.

Lakini utepe wa kupimia haumwonei mtu haya. Sketi zangu nilizipunguza kiuno mara ya kwanza nikasema ni kazi nyingi. Mara ya pili nikasema ni umri. Mara ya tatu sikusema kitu, nilishona tu. Choo nacho kilibadilika. Nilikwenda mara sita kwa siku, na kila nikitoka nahisi kuna kilichobaki. Ngazi tatu za mlangoni kwangu zikaanza kunifanya nitwete.

"Wifi," Kipaza aliniuliza asubuhi moja, "hilo gauni limeongezeka, au wewe umepungua?"

"Nimejipunguza makusudi."

"Mh! Kujipunguza gani hadi mashavu?"

Nikakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisimsikie.

Nyuma ya vyumba vyetu kuna choo kimoja tunachokitumia na kinyozi wa jirani. Siku moja maji yalikatika. Nilitoka kutafuta ndoo, na niliporudi nikakuta mlango umefungwa kwa ndani. Nilisimama pale na ndoo yangu. Aliyetoka ni Kipaza. Hakusema neno. Kipaza, kimya! Alinishika mkono, akanivuta hadi kwenye kona ya mitungi ya gesi ya mume wangu, na akazungumza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

"Ile damu ni ya mwezi?"

"Mwezi tuliagana miaka mitatu sasa."

"Basi ni nini?"

"Bawasiri."

Alinitazama hadi nikainamisha macho.

"Marehemu shemeji yako naye alisema bawasiri," akasema. "Mwaka mzima, bawasiri, bawasiri. Nami nikamwachia, maana kila nikimuuliza anakuwa mkali. Wifi, mimi sitazika watu wawili kwa neno moja."

Nilidhani kufikia jioni mtaa wote utakuwa unajua. Hakumwambia mtu. Aliniachia mwenyewe nimwambie mume wangu, akanipa hadi asubuhi.

Mume wangu alikuwa amepiga magoti nyuma ya jokofu, bisibisi mkononi, nilipomweleza. Nilizungumza na mgongo wake, ikawa rahisi zaidi.

"Miezi mitano?" akauliza.

"Niliona haya."

"Fundi, mimi nilikushika mkono ukizaa mara tatu. Haya gani imebaki baina yetu?" Akaiweka bisibisi chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Kesho sifungui."

Daktari wa tumbo alikuwa mwanamke kijana mwenye raba nyeupe, wa rika la binti yangu. Aliniuliza maswali yote niliyoyakimbia: rangi, wembamba, mara ngapi, tangu lini. Aliyauliza kama mtu anayeuliza saa ya basi, na kufikia swali la tano nikajikuta najibu vilevile. Akaniandikia kipimo cha kamera. Siku moja kabla yake nilikunywa dawa ya kusafisha tumbo, lita kwa lita, chumvichumvi kama machozi, na siku hiyo sitaisimulia zaidi ya kusema kwamba mume wangu alikaa nje ya mlango wa choo kwa saa tano akinisomea magazeti ya zamani, hadi matangazo ya vifo, ambayo nilimwomba ayaruke.

Kwenye kipimo walinichoma sindano ya usingizi mwepesi. Nilipozinduka, daktari alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda. Nikajua. Daktari mwenye habari njema hukupa akiwa amesimama.

"Nimeona uvimbe," akasema. "Nimekata vipande vidogo vikapimwe. Sitaki kukutisha, wala sitaki kukuficha. Njoo na mtu siku ya majibu."

Nilikwenda na watu wawili, mume wangu na Kipaza. Siku ile daktari alipotamka, "Ni saratani ya utumbo mpana, sehemu ya chini," nilichofikiria, Mungu anisamehe, ni zile sketi arobaini na tatu za bluu ambazo hazijapindwa pindo. Nilijiona nimelala chini ya rundo la sketi. Mume wangu ndiye aliyeuliza, "Inatibika?"

"Inategemea imefika wapi. Tupige picha ya mwili mzima, ndipo tuzungumze."

Siku tisa za kungoja majibu ya ile picha ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote. Nilishona kama mwehu. Nilimaliza zile sketi arobaini na tatu, nikaanza suruali. Kipaza alikuja kila siku saa nne, akakaa kwenye kigoda chake, na hakunipa pole hata moja. Alinisimulia ugomvi wa mtu na mpangaji wake tangu mwanzo hadi mwisho, na ulipoisha nadhani aliuongezea mwingine wa kutunga. Nilimshukuru moyoni kwa kila uongo.

Siku ya kumi, daktari aliingia chumbani na kusema kabla hajakaa, "Ini ni safi. Mapafu ni safi."

Mume wangu alitoa pumzi ndefu kama tairi. Ndipo akalia, mwanamume mzima, akiwa amejifunika uso kwa kofia. Mimi nilikuwa bado sijaelewa. Ilibidi Kipaza anifafanulie: "Haijatembea, wifi! Iko palepale ilipo, kama mwizi aliyekwama dirishani!"

Nikapasuliwa wiki mbili baadaye. Kabla ya hapo daktari wa upasuaji alinichorea kwenye karatasi: atakata kipande chenye uvimbe, ataunganisha ncha mbili, na ili mshono upate kupona, choo kitapitia kwa muda kwenye tundu atakalolifungua tumboni, upande wa kulia, kiingie kwenye mfuko. Mambo ya kukata na kuunganisha nayajua. Nilimuuliza anaacha nafasi kiasi gani ya mshono. Akacheka, akaita wenzake waje kusikia swali hilo.

Lakini kuelezwa ni kitu kimoja na kuona ni kingine. Siku ya pili baada ya upasuaji muuguzi alifunua shuka, nami nikageuzia uso ukutani. Nilikuwa nimeshaliona kwa pembe ya jicho: jekundu, bichi, kama mdomo wa mtoto anayejiandaa kulia. Nilisema siwezi. Nilisema bora ningekufa, mume wangu akiwa hapohapo anasikia.

Muuguzi hakunigombeza. Alimgeukia mume wangu. "Wewe unaweza kutazama?"

"Mimi kazi yangu ni mabomba," akasema. "Maisha yangu yote nazuia vitu visivuje."

Akasogea, akavaa glavu, akainama pale kwa umakini uleule anaoinama nao kwenye majokofu ya watu. Muuguzi akamwonyesha namna ya kupima tundu, kukata kibandiko duara kulingana nalo, kusafisha, kukausha, kubandika na kubonyeza kwa joto la kiganja hadi kishike.

"Kumbe ni gasketi, kama ya mlango wa jokofu," mume wangu akasema.

Nikageuka. Sikuweza kujizuia. "Umekata vibaya," nikamwambia. "Hilo duara lina kona."

"Halina kona."

"Lina kona, fundi. Nipe mkasi."

Hivyo ndivyo nilivyolitazama tumbo langu mara ya kwanza: kwa ugomvi wa kukata. Tangu siku hiyo kukata kukawa kazi yangu na kubandika kukawa kazi yake, na hakuna mfuko uliovuja ila mara mbili, na zote mbili alikubali kosa ni lake.

Lile tundu tulilipa jina la Mgeni. Kipaza ndiye aliyelibatiza, akasema mgeni ni siku mbili, ya tatu hupewa jembe, ila huyu wetu atakaa miezi na kazi anayoijua ni moja tu. Na Mgeni hakuwa na adabu. Alinguruma alipotaka. Nilirudi kazini polepole, saa mbili kwa siku, na siku moja mwalimu mkuu wa shule moja alikuja kuchagua kitambaa cha mashati. Alikuwa amekishika, anakipima unene kwa vidole, chumba kimya, na Mgeni akapiga honi ndefu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Samahani, mwalimu," Kipaza akasema kutoka kwenye kigoda chake, bila hata kupepesa. "Ni mimi. Maharage ya jana."

"Usijali, mama," mwalimu mkuu akajibu. "Hata mimi hunitesa hayo."

Alipoondoka tulicheka hadi nikashika mshono wangu kwa mikono miwili. Nilipomaliza kufuta machozi nikagundua kwamba neno la kijiti cha kiberiti nililolitunza miaka ishirini na tisa silipati tena pale nilipoliweka.

Majibu ya kile kipande kilichokatwa yalisema tezi mbili kati ya kumi na saba zilizotolewa pamoja nacho zilikuwa na chembe za saratani. Kwa hiyo ilibidi nipewe dawa: dripu kila baada ya wiki tatu, mara nne, na vidonge baina yake. Nywele zangu hazikudondoka zote, zilipungua tu. Kilichonishinda ni baridi. Dawa ile ilifanya kila kitu cha baridi kinichome. Maji ya bombani yalikuwa sindano. Nikishika mkasi wangu wa chuma asubuhi, umeme ulipanda hadi kwenye kiwiko. Mlango wa jokofu sikuugusa kabisa.

"Nimeoa mwanamke anayeogopa kazi yangu," mume wangu akasema, akanivisha mkasi kitambaa kwenye vishikio, akakizungushia uzi vizuri.

Kufikia dripu ya tatu ncha za vidole zilikufa ganzi. Nilishika uzi nisijue kama nimeushika. Fundi asiyeusikia uzi ni fundi gani? Siku hiyo nilikaa mbele ya cherehani, nikajaribu kutunga sindano mara kumi na moja, nikaiweka chini. Sikulia. Nilikaa tu. Kipaza alinitazama, akatoa miwani yake kwenye pochi, akachukua sindano zangu zote na kuzitunga moja baada ya nyingine, akizitukana, hadi kimto kikawa kama nungunungu mwenye mikia ya rangi. Kuanzia hapo alifanya hivyo kila asubuhi kabla ya habari za mtaa. Daktari naye nilipomweleza alipunguza kipimo cha dripu ya mwisho. Akanigombeza kwa kuchelewa kusema. Nilikubali, ugonjwa wangu mkubwa umekuwa huo siku zote.

Ni daktari huyohuyo aliyeniuliza, "Una ndugu wa tumbo moja?"

Ninaye mmoja, kaka yangu mkubwa, mkaguzi wa magari. Akasema kaka lazima apimwe kwa kamera, hata kama hana dalili yoyote, maana ugonjwa huu wakati mwingine hutembea kwenye damu moja. Nilimpigia kaka. Akasema yeye ni mzima, anakula vizuri, na hakuna mtu atakayempitishia waya pasipo heshima. Nilimpigia tena. Akaacha kupokea.

Kipaza akasema, "Nipe namba ya ofisini kwake."

Hakupiga simu. Alikwenda mwenyewe, mimi nikimfuata kwa wasiwasi, hadi kwenye ua wa ukaguzi ambako malori yamepanga foleni. Kaka alikuwa ndani ya shimo, kurunzi mkononi, anachungulia uvungu wa lori.

"Shemeji!" Kipaza akaita, na nadhani walimsikia hadi barabarani. "Magari ya watu unayachungulia uvungu kila siku, wako unaona haya uchunguliwe mara moja?"

Madereva wakaangua kicheko. Kaka akapanda kutoka shimoni, uso umemwiva, akaja karibu yetu. "Mdogo wangu, kweli unaniletea mambo haya kazini?"

Nilifunua kidogo ubavu wa blauzi yangu, akauona mfuko. Sikuwa nimemwonyesha mtu yeyote nje ya nyumbani kwangu.

"Kaka, hiki ndicho nilichopata kwa kuona haya," nikamwambia. "Wewe unaweza kupata nafuu kuliko mimi."

Alirudi shimoni. Lakini baada ya wiki tatu alinipigia simu mchana.

"Wamekuta vinyama viwili," akasema. "Wamevitoa palepale, kwa kamera hiyohiyo. Si saratani. Daktari ananiambia ningevilea miaka michache zaidi vingegeuka. Mwambie yule mama asante. Ila mwambie asije tena ofisini."

Nilikaa sakafuni, katikati ya vipande vya kitambaa, nikalia kama sikuwahi kulia kwa ajili yangu mwenyewe. Yalikuwa machozi mepesi, ya mtu aliyetua mzigo.

Mgeni aliondoka mwezi wa tatu baada ya dripu ya mwisho. Walimrudisha ndani, wakafunga tundu, na hapo kilichobaki ni kungoja utumbo ukumbuke kazi yake. Kila asubuhi madaktari walipita na swali moja: "Umetoa hewa?" Siku ya kwanza, bado. Siku ya pili, bado, na tumbo limejaa kama ngoma. Mama wa kitanda cha pili, ambaye naye alikuwa na mshono wake, akawa ananiuliza kila saa: "Vipi, jirani?" Siku ya tatu baada ya chakula cha mchana, mume wangu akiwa ananimenyea chungwa, ikatoka. Ndogo, ya unyonge, lakini ya haki.

Mume wangu alisimama na chungwa lake. "Hiyo ni ya nani?"

"Yangu!"

"Hongera!" mama wa kitanda cha pili akasema, akapiga makofi, na wengine wakadakia bila kujua wanashangilia nini. Kipaza alikuwa mlangoni na simu tayari sikioni, akimweleza kaka yangu, na wodi nzima ikapata taarifa kamili. Nami, niliyeficha dawa ya kupaka kwenye kopo la vifungo, nililala pale nikicheka, jina langu na ushuzi wangu vikipita kwenye korido pamoja, na sikuona haya hata chembe.

Nisiseme kwamba yote yalinyooka siku hiyo. Kwa karibu mwaka mzima tumbo langu halikuwa na ratiba. Nilikijua kila choo kati ya nyumbani na sokoni, kipi kina maji na kipi kina komeo. Kuna vyakula niliviaga na vingine vikarudi. Vidole vya mikono vilizinduka kimoja kimoja, nikaanza kujitungia sindano tena, ingawa vya miguu mpaka leo vina ganzi. Na kila miezi ya kupimwa ikikaribia silali vizuri. Mume wangu anajua, hanishauri nilale, anazungumza nami tu.

Juzi tulikwenda kwa kipimo cha mwaka wa tatu. Daktari wa raba nyeupe sasa ana mimba kubwa, ananyoosha mgongo kila baada ya maneno mawili. Alipitia karatasi zote, akazipanga, akaniambia akiwa amesimama:

"Safi. Tuonane baada ya mwaka."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima. Nenda ukafanye mambo yako."

Tulitoka nje, kukiwa na jua zuri la asubuhi, na hatukujua tufanye nini. Tulikuwa tumejiandaa kwa siku ndefu ya kungoja, na ilikuwa bado saa tatu. Kuna benchi karibu na geti la hospitali. Mume wangu akaniambia nina njaa, ikawa kweli, nilikuwa nayo, njaa hasa, ya kuuma. Akanunua maandazi manne kwa mama aliyekuwa akiuza pale, yakiwa bado ya moto, na chai mbili. Nikala matatu.

"Twende kazini?" akauliza.

"Tukae kwanza, fundi," nikamwambia.

Tukakaa.